Mgeni njoo, mwenyeji apone: Vivutio vya Gusii na wanaofaidi

MSAFIRI anayetoka Nairobi kwenda Migori au mpaka wa Isebania kwa kupitia Narok, Bomet na Sotik hana budi kukatiza nchi ya Abagusii. Huingilia Keroka, akapita mji wa Kisii, kisha akateremka kuelekea Rongo. Njiani huona migomba, mashamba ya majani chai na vibanda vya vinyago. Aghalabu hufika aendako bila kushuka garini ila kwa kununua ndizi.

Watalii wa kigeni nao huelekea mbuga ya Maasai Mara, ambayo iko upande wa kusini mashariki mwa Gusii. Katika mikoba yao ya kurudia nyumbani wengi hubeba kiboko, bakuli au kinara cha mshumaa kilichochongwa kwa jiwe la Kisii, ilhali Kisii kwenyewe hawakufika.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika kaunti za Kisii na Nyamira, bidhaa za mwenyeji husafiri mbali kuliko mgeni anavyokuja, na faida kubwa hubaki kwa wale wanaompokea mgeni kwingineko. Makala haya yanaeleza vivutio vikuu vya eneo hilo, jinsi ya kuvifikia, na yale yanayofaa kufanywa ili vimfae mwenyeji.

Itumbe na ukanda wa chai

Itumbe, katika nyanda za chai za kusini mwa Kaunti ya Kisii, ni jina ambalo ni nadra kulikuta katika vitabu vya watalii. Hata hivyo, lina mandhari ambayo mgeni hangetaka kuyakosa: vilima vilivyofunikwa kwa kijani kibichi, vishamba vidogo vilivyoshikana kama viraka vya nguo, na kiwanda cha majani chai kinachopokea mazao ya wakulima wa karibu.

Kiwanda cha Itumbe ni sehemu ya kampuni ya Nyamache, iliyo chini ya mfumo wa KTDA. Shirika hilo liliundwa mwaka wa 1964 ili kuwawezesha wakulima wadogo kukuza zao ambalo kabla ya hapo lilitawaliwa na mashamba makubwa ya walowezi. Mwaka wa 2000 lilibinafsishwa, na viwanda vikawa mali ya wakulima wenyewe kupitia hisa.

Shughuli ya chai ni kivutio tosha kwa mtu asiyewahi kuiona. Mchumaji huchagua majani mawili machanga na chipukizi lake, akayatupa kapuni mgongoni bila kutazama nyuma. Ni lazima majani hayo yafike kiwandani siku iyo hiyo. Huko hunyaushwa kwa hewa, yakakatwakatwa kwa mashine, yakaachwa yageuke rangi, kisha yakakaushwa kwa joto na kuchujwa kwa viwango vya ubora. Sehemu kubwa ya chai hiyo huuzwa katika mnada wa Mombasa.

Kuzuru kiwanda kunahitaji idhini ya wasimamizi, nayo huombwa mapema. Kutembea kando ya mashamba hakuhitaji kibali chochote ila adabu: mgeni humsalimu mwenye shamba kwanza, kisha akaomba ruhusa ya kupiga picha.

Tabaka, kitovu cha uchongaji

Kutoka nyanda za chai, kituo cha pili ni Tabaka, katika eneo la Mugirango Kusini, takriban kilomita 25 kutoka mji wa Kisii. Hapa ndipo chimbuko la jiwe la sabuni ambalo ulimwengu hulijua kwa jina la jiwe la Kisii.

Jiwe hilo huitwa la sabuni kwa sababu huteleza mkononi na ni laini kiasi cha kukatwa kwa panga. Ulaini huo hutokana na madini ya talki, ambayo ni laini kuliko madini mengine yote yanayotumiwa kupimia ugumu wa mawe. Rangi zake ni nyingi: kuna jeupe, la waridi, la kijivu na hata lenye mistari ya manjano au kahawia.

Mawe huchimbwa kwa sururu na mitaimbo katika mashimo ya wazi, kisha hubebwa hadi penye wachongaji. Mchongaji hulipa jiwe umbo kwa panga, akaendelea kwa patasi na kisu. Kwa kawaida kazi ya kulainisha hufanywa na wanawake, ambao husugua vyombo kwa msasa ndani ya maji hadi ving'ae. Mwisho hupakwa nta, au hutiwa rangi na kuchorwa nakshi.

Mgeni anayefika Tabaka anaweza kuziona hatua zote hizo kwa mwendo wa miguu, kwa kuwa familia nyingi huchongea nyuani mwao. Vumbi ni jingi, nalo si jema kwa mapafu, hivyo ni busara kubeba barakoa. Wakati wa mvua mashimo hujaa maji na kingo huteleza, kwa hivyo si vyema kuyakaribia bila mwenyeji.

Kutoka Tabaka ndiko alikotokea mchongaji Elkana Ong'esa, ambaye sanamu yake imesimamishwa katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Mwaka wa 2014, Kenya ilipokuwa miongoni mwa nchi mbili zilizoalikwa katika tamasha la Smithsonian jijini Washington, Ong'esa alikuwa mmoja wa wasanii walioonyesha ufundi wao huko.

Lakini kwa kila mchongaji aliyetajika, wapo wengi wasiojulikana. Wao huuza kazi zao kwa madalali, nao madalali huzipeleka Nairobi, Mombasa na ng'ambo. Bei hupanda katika kila mkono unaopitia. Mgeni anayenunua Tabaka kwenyewe hulipa kidogo kuliko angelipa dukani Nairobi, na mchongaji hupata zaidi ya ambacho dalali angempa.

Mji wa Kisii na kumbukumbu za vita

Mji wa Kisii, ulio katika mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ulianzishwa na wakoloni mwaka wa 1907. Wenyeji huuita Getembe, na pia Bosongo, maana yake mahali pa Wazungu. Leo ni mji wenye msongamano mkubwa wa watu na magari, na soko lake hupokea ndizi, mboga na nafaka kutoka pande zote.

Wachache wanaopita hapo hufahamu kwamba mji huu uliwahi kuwa uwanja wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mnamo Septemba 1914 askari wa Kijerumani walivuka mpaka kutoka nchi ambayo sasa ni Tanzania wakauteka. Kikosi cha King's African Rifles kilipambana nao Septemba 12, nao Wajerumani wakarudi nyuma. Serikali ilipokuwa imeondoka, wenyeji walivamia ofisi na maduka, na baadaye waliadhibiwa vikali.

Kabla ya hapo kulikuwa na kisa cha Otenyo. Mnamo Januari 1908 kijana huyo, ambaye kulingana na masimulizi alichochewa na nabii wa kike Moraa, alimchoma mkuki Geoffry Northcote, afisa wa utawala wa Uingereza. Northcote alinusurika, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong.

Waingereza walilipiza kisasi kwa kuua watu wengi, kuchoma nyumba na kutwaa mifugo. Mauaji hayo yalikuwa makubwa kiasi kwamba Winston Churchill, wakati huo akiwa naibu waziri katika wizara ya makoloni, aliyalalamikia kutoka London. Otenyo aliuawa, na simulizi za Abagusii hushikilia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza.

Simulizi nyingine ni ya Sakawa, nabii wa Nyakoe, anayesemekana kutabiri kuja kwa wageni weupe na kuonyesha mahali ambapo mji ungejengwa. Habari zake bado husimuliwa na wazee, na mgeni mwenye hamu ya historia hana haja ya kitabu ikiwa atapata mzee aliye tayari kuketi naye.

Jabali la Manga

Kaskazini mwa mji, kuelekea Kaunti ya Nyamira, limeinuka jabali la Manga. Hiki ndicho kivutio cha kimaumbile kinachotajwa zaidi Gusii. Ukingo wake umekatika ghafla, na anayesimama juu huona mashamba ya Kitutu yakiwa yametandazwa chini yake. Siku ambayo hakuna ukungu, macho hufika hadi upande wa Ziwa Victoria.

Katika Manga kuna shimo linaloitwa Ngoro ya Mwaga, ambalo wenyeji huliheshimu na kulisimulia kwa hadithi za maajabu. Ni vyema mgeni asiliendee pekee. Mwenyeji atamwonyesha njia iliyo salama, na pia atamweleza mambo ambayo hayakuandikwa popote.

Nyamira, iliyotengwa na Wilaya ya Kisii mwaka wa 1989, pia ni nyumbani kwa Naftali Temu, Mkenya wa kwanza kushinda nishani ya dhahabu ya Olimpiki. Aliishinda katika mbio za mita 10,000 jijini Mexico City mwaka wa 1968. Temu alifariki mwaka wa 2003. Miaka 12 kabla ya ushindi huo, Nyantika Maiyoro, Mgusii mwingine, alikuwa amemaliza wa saba katika mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Melbourne.

Muziki na chakula

Obokano ni ala kubwa ya nyuzi nane ambayo mvumo wake mzito hautofautiani sana na ngurumo ya mbali. Mpigaji hukaa kitako, akaimba huku akitia nyuzi vidole. Zamani ilipigwa katika sherehe za harusi na za wazee, na hadi leo haijatoweka.

Kuhusu mlo, mgeni asiondoke bila kula ugali wa wimbi kwa mboga ya mgagani, ambayo wenyeji huiita chinsaga. Uchungu wake hupunguzwa kwa kuchemshwa na kutiwa maziwa. Ndizi za Kisii hazihitaji maelezo.

Yanayokosekana

Vivutio hivi vyote vipo, lakini mgeni asiye na mwenyeji huenda akapita kando yake asijue. Ni hapo ambapo msemo kwamba kizuri chajiuza hushindwa kusimama. Katika utalii, kizuri kisichoelekezwa hupitwa.

Mfano wa mbali ni Brighton, mji wa pwani ya kusini mwa Uingereza. Zamani ulikuwa kijiji cha wavuvi. Reli kutoka London ilipofika mwaka wa 1841, watu walianza kumiminika kwa safari za siku moja. Mwaka wa 1850 wakuu wa mji walinunua jumba la kifahari la wafalme ambalo lingeweza kubomolewa, wakalihifadhi, na hadi leo wageni hulipa ili waingie. Bahari ilikuwapo siku zote, lakini njia na uhifadhi ndivyo vilivyoleta riziki.

Mfano wa karibu ni Thimlich Ohinga, katika Kaunti ya Migori. Kuta zake za mawe zilizojengwa bila saruji zilisimama kwa karne nyingi zikijulikana na majirani tu. Zilichunguzwa, zikalindwa kisheria, na mwaka wa 2018 UNESCO ikaziorodhesha kuwa turathi ya dunia.

Katiba ya 2010 iliwapa magavana jukumu hilo moja kwa moja, kwa kuwa utalii wa maeneo ni miongoni mwa majukumu ya kaunti. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 nayo inaruhusu maeneo ya kihistoria kutangazwa na kulindwa. Yanayohitajika si makubwa: vibao vya maelezo Manga na mjini Kisii, waelekezi waliofunzwa miongoni mwa vijana, njia salama kandokando ya machimbo ya Tabaka, na kumbukumbu za wazee kurekodiwa wakiwa bado hai. Hili la mwisho haliwezi kungoja, kwani mzee akifa hakuna bajeti itakayomrudisha.

Kwa anayekusudia kuzuru

Mji wa Kisii uko takriban kilomita 300 kutoka Nairobi, na matatu huusafiria mchana na usiku. Kisumu pia kuna magari ya mara kwa mara. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, lakini miezi ya Desemba hadi Februari huwa na nafuu. Viatu vya matope na koti la mvua ni vya lazima, kwani barabara za vijijini huteleza.

Siku mbili zinatosha kwa mwanzo. Ya kwanza iwe ya Tabaka asubuhi na nyanda za chai alasiri. Ya pili iwe ya soko la Kisii mapema, kisha Manga kabla ukungu wa jioni haujatanda. Atakayelala mjini, akala hotelini, akamlipa mwelekezi na kununua kinyago mkononi mwa aliyekichonga, atakuwa amemponya mwenyeji kwa namna ambayo anayepita tu na gari hawezi.