Kuvuta Uzi: Gitaa la Umeme na Elimu ya Sikio Unguja, kutoka Mji Mkongwe hadi Matemwe

Historia ya ala za nyuzi Unguja imejengwa zaidi juu ya taarabu ya Mji Mkongwe, hasa kikundi cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905. Udi, ganuni na fidla ndizo zilizopewa uzito. Gitaa la umeme hutajwa kwa uchache, kama chombo cha dansi au cha taarabu ya kisasa iliyoshamiri katika miaka ya 1990 kupitia vikundi kama East African Melody. Insha hii inadai kuwa mbinu ya kuvuta uzi inalisogeza gitaa karibu na ala hizo za kale kuliko inavyodhaniwa.

Tofauti ya msingi iko shingoni. Shingo ya udi na ya fidla haina vyuma. Kidole husimama pale sikio linapoamuru. Shingo ya gitaa imegawanywa kwa vyuma vinavyopishana kwa nusu toni. Kwa hiyo maqamu kama Rasti na Bayati, zenye sauti zilizo baina ya nusu toni, hazipatikani kwa kubonyeza pekee. Mpigaji anaposukuma uzi kando, mkazo huongezeka na sauti hupanda. Kwa kuwa mvuto hupandisha tu, anayetaka kushuka huuvuta uzi kabla ya kuupiga, kisha huulegeza taratibu.

Mazoezi ya mbinu hii huanza na sikio. Mwanafunzi hupiga kwanza sauti anayoikusudia, hurudi vyuma viwili nyuma, kisha huvuta hadi sauti mbili zilingane. Kidole cha pete hubeba uzi, vidole viwili vya nyuma yake husaidia, na nguvu hutoka katika kifundo cha mkono. B.B. King wa Marekani alieleza kuwa mtindo wake ulitokana na kujaribu kuiga mlio wa gitaa la binamu yake, Bukka White, aliyeteleza chuma juu ya nyuzi. Aliiga sauti, mkono ukafuata.

Hapa Matemwe inatoa funzo. Mafunzo rasmi ya muziki yamejikita mjini, hususan tangu Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kijiji hiki cha wavuvi na wakulima wa mwani kiko takriban kilomita 50 kutoka huko. Hata hivyo, umbali wa mwalimu si umbali wa sauti. Adhana na kisomo cha Kurani, ambavyo wenyewe hawaviiti muziki, hupita katika maqamu, na mtoto huvisikia kabla hajashika ala yoyote.

Hivyo, mwanafunzi wa pwani huja na sikio lililokwisha kufundwa. Linalobaki nyuma ni mkono. Mtaala unaotambua hatua za nusu toni peke yake utaihesabu robo toni yake kuwa kosa, ilhali ndiyo urithi wake. Kuvuta uzi kunastahili kufundishwa Unguja kama njia ya kuurejesha urithi huo shingoni mwa gitaa, si kama pambo lililoletwa kutoka nje.