Senetwet: Dawa ya tumbo iliyohimili shoka na majani chai

Pale Kaplong, barabara ya Kericho kwenda Kisii inapoachana na ile ya Bomet na Narok, si ajabu kukuta kichaka chenye maua ya manjano yaliyosimama wima, matumba yake ya juu yakiwa meusi. Wakipsigis hukiita senetwet. Ukifikicha majani yake hunuka kama njugu. Aghalabu hakipandwi, hujiotea mitaroni, kando ya mito na kwenye mahame.

Mtu aliyefunga choo alichemshiwa mizizi yake, akanywa, tumbo likafunguka. Utaalamu wote ulikuwa kwenye kipimo. Ukizidisha, mgonjwa hutapika na kuhara hadi maji yamwishie mwilini, na dawa hii inaweza kuua. Kwa hiyo aliitwa chepkerichot, mama mjuzi wa mitishamba, aliyejua mzizi upi na kwa kiasi gani. Alikuwa pia na dawa za msituni: gome la soget, kali kama pilipili, hutafunwa tumbo likiuma, na bondet, mti wa milimani unaosifika kwa kuua tegu.

Msitu ndio ulioguswa kwanza. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni iliwagawia maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani ardhi kubwa huko Kericho walime kitani. Mradi ukaanguka, na katikati ya miaka ya 1920 kampuni za chai zikaingia. Baada ya uhuru wakulima wadogo nao wakapanda chai chini ya shirika la chai la KTDA, lililoundwa 1964. Kila ekari ilipofyekwa, soget na bondet zilisogea mbali na nyumba za watu. Senetwet haikusogea. Hupenda udongo uliochimbuliwa, hivyo kila barabara mpya iliipa pa kuota. Naamini hii ndiyo sababu kubwa ya dawa hii kudumu kuliko zile za msituni.

Sheria nazo zilibana. Ile ya uchawi ya 1925 ilitia hofu hata kwa waganga wasio na hatia, na mwaka 1934 ukoo wa Talai, wenye watabiri walioitwa orkoiik, ulihamishiwa Gwassi kwa nguvu. Mtabiri na mama wa mitishamba ni watu wawili tofauti kabisa, lakini machoni mwa wakoloni tofauti hiyo haikuwa wazi sana. Zikaja hospitali za misheni, Kaplong penyewe na Tenwek upande wa Bomet, ambako Dkt. Ernest Steury alifika 1959 akiwa daktari wa kwanza.

Hata hivyo, senetwet ilikuwa na makao mengine: kibuyu. Tawi lake huchomwa hadi liwe kaa, kaa likatiwa kibuyuni, kisha likasagwa humo kwa sosiot, fimbo ya mkindu, mpaka kuta za ndani ziwe nyeusi tititi. Maziwa yaliyochemshwa na kupoa humiminwa, kibuyu kikafunikwa kwa siku kadhaa. Hiyo ndiyo mursik, yenye rangi ya kijivu inayokaribia samawati. Wengi huinywa wakisema inatuliza tumbo, na ile sheria ya uchawi haikuigusa.

Leo mursik ina maswali. Bomet imeandamwa mno na saratani ya umio, na utafiti uliochapishwa 2013 ulikuta katika mursik asetaldehidi, kemikali inayohusishwa na saratani hiyo. Watafiti waliitaja kama chanzo kinachowezekana, si kilichothibitishwa. Kemikali yenyewe hutengenezwa na vijidudu vinavyochachisha maziwa, kwa hiyo si haki kuisingizia senetwet. Lakini si haki pia kuinyamazia hatari hiyo kwa kuogopa kuudhi mila. Tumbo lililofunga lina historia ndefu ya kutibiwa nyumbani. Lakini chakula kikianza kukwama kifuani, jambo linaloweza kuwa dalili ya saratani hiyo, hiyo haina mzizi wala gome. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kabla hajashindwa kumeza hata uji.