Kosa Lisiloandikwa: Maumivu Sugu na Kaunta ya Dawa nchini Marekani

Nchini Marekani, mgonjwa wa maumivu sugu anayepeleka dukani cheti cha dawa ya jamii ya afyuni mara nyingi hupokelewa kama mshukiwa. Huulizwa maswali mbele za watu, huambiwa dawa imekwisha, au hurudishwa bila maelezo. Wengi humlaumu mfamasia kwa ukosefu wa utu. Mimi naona chanzo cha unyanyapaa huu kimo zaidi katika mgawanyo wa adhabu. Kanuni ya shirikisho humtaka mfamasia ahakikishe, sambamba na daktari, kwamba dawa imeandikwa kwa sababu halali ya tiba. Mwaka 2022, kampuni zenye maduka ya dawa za CVS, Walgreens na Walmart zilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 10 kumaliza kesi za utoaji wa dawa hizo. Mfamasia akitoa dawa pasipostahili, leseni yake imo hatarini. Akimnyima anayestahili, ni nadra kuulizwa. Katika hali hiyo, kushuku ndiko kunakomlinda.

Mwongozo wa 2016 kuhusu dawa hizi, uliotolewa na CDC, taasisi ya shirikisho ya afya ya umma, unaonyesha jinsi hofu ya adhabu inavyogeuza ushauri kuwa sheria. Uliwaandikia madaktari wa huduma za msingi kwamba waepuke kuvuka kiwango kinacholingana na miligramu 90 za mofini kwa siku, au wawe na sababu nzito ya kuvuka. Haukumlazimisha mtu. Hata hivyo, kampuni za bima, baadhi ya majimbo na maduka ya dawa vilikigeuza kiwango hicho kuwa ukomo. Aprili 2019, FDA, mamlaka ya shirikisho ya dawa, ilionya kwamba kukatisha dawa ghafla kumeleta mateso makali, hata watu kujiua. Toleo la 2022 la mwongozo wa CDC liliondoa kiwango hicho katika mapendekezo yake, lakini mazoea ya kaunta hayafutwi kwa waraka. Tena mazoea hayo ni ya zamani: wagonjwa wa seli mundu wanaohitaji dawa hizi kwa maumivu yao, wengi wao Wamarekani Weusi, walikuwa wakishukiwa hata kabla ya mwongozo huo.

Itasemwa kwamba tahadhari hii imezaliwa na msiba wa kweli. Ni sawa: mwaka 2007 kampuni ya kundi la Purdue, watengenezaji wa dawa ya afyuni OxyContin, ilikiri mahakamani kupotosha watu kuhusu hatari ya dawa hiyo. Lakini vyeti vya dawa hizi vilishuka kutoka takriban milioni 255 mwaka 2012 hadi milioni 142 hivi mwaka 2020, huku vifo vya kuzidisha dozi ya dawa za kila aina vikipanda kutoka elfu 41 hadi karibu elfu 92, muuaji mkuu akiwa fentanili ya magendo. Takwimu hizi hazithibitishi kwamba kubana vyeti ndiko kulikoua. Zinatosha kuonyesha kwamba kumrudisha mgonjwa mwenye cheti halali hakuzibi mlango ambao kifo kinapitia sasa.

Wala sidai kwamba mfamasia avuliwe haki ya kukataa. Vyeti vya kughushi vipo. Ninachodai ni kwamba ampigie daktari kwanza, kisha akikataa aandike sababu na kumpa mgonjwa nakala. Bodi za famasia za majimbo, ambazo tayari hukagua vidonge vilivyotoka, zikague pia vyeti vilivyorudishwa.