Mzee Jagari na Kumbi Ndogo

Watu wengi hupima ukubwa wa mwanamuziki kwa ukubwa wa uwanja anaoujaza. Akijaza uwanja wa mpira, huyo ni nyota. Akipigia ukumbi wa watu mia mbili, utasikia wanasema, "Masikini, siku zake zimekwisha." Leo, ndugu msikilizaji, nataka tumtazame mzee mmoja ambaye kipimo hicho hakimfai hata kidogo. Jina lake ni Emmanuel Chanda wa Zambia. Tangu ujana wake watu wanamwita Jagari, yaani Mick Jagger aliyevishwa shati la Kiafrika.

Kwanza tuuelewe muziki wenyewe. Katikati ya miaka ya 1960 vijana wa Marekani na Uingereza walizusha aina ya roki iliyoitwa saikedeliki. Nia yake ilikuwa kumhamisha msikilizaji pale alipo, awe kama mtu aliye ndotoni na macho yake yako wazi. Gitaa lilipitishwa kwenye kisanduku kinachokanyagwa kwa mguu, likawa linakoroma na kuguna. Wimbo mmoja uliweza kwenda robo saa na usimalizike. Bingwa wao alikuwa Jimi Hendrix, aliyefariki dunia mwaka 1970.

Santuri hizo zilifika Zambia, nchi iliyojipatia uhuru tarehe 24 Oktoba 1964. Huko Kitwe na Ndola migodi ya shaba ilikuwa ikilipa mishahara, na palipo na mishahara hapakosi baa, kumbi za starehe na vijana wenye hamu ya kuyarudi. Tena katika miaka hiyo ya 1970 Rais Kenneth Kaunda aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia. Vijana walitii amri hiyo kwa namna yao. Walilichukua gitaa la Hendrix, wakalitia midundo ya kwao, wakaimba kwa Kiingereza, Kibemba na Kinyanja. Muziki huo ukaitwa Zamrock.

Kundi la Jagari lilijiita WITCH. Kwa Kiingereza neno hilo ni mchawi, lakini kila herufi ilisimama badala ya neno, na maneno yote kwa pamoja yalikuwa na maana ya "tumekusudia kuzusha vurugu." Santuri yao ya kwanza, Introduction, ilitoka mwaka 1972, na In the Past ikafuata. Zilichapishwa nakala mia chache tu. Wenyewe walizibeba na kuziuza kwenye maonyesho yao. Tafadhali liweke akilini jambo hilo, maana nitalirudia.

Wala sisi wa Afrika Mashariki hatukuwa mbali. Novemba 1969 wakuu wa Dar es Salaam waliupiga marufuku muziki wa soul, lakini vijana wa bugi hawakuacha magitaa yao. Kundi la Sunburst la Dar es Salaam lilikwenda hadi Zambia na kurekodi huko santuri ya Ave Africa mwaka 1976. Kwa upande wao Musi-O-Tunya wa Zambia, wenye jina la maporomoko ya Victoria, walikuja kuweka makao Nairobi na kurekodi huko. Wanamuziki walivuka mipaka.

Kisha mambo yakageuka. Januari 1973 mpaka wa Rhodesia ulifungwa, na njia ya kusafirishia shaba ikawa ndefu na ya gharama. Mwaka 1975 bei ya shaba ilikuwa imeanguka vibaya. Mwishoni mwa miaka hiyo majeshi ya Rhodesia yakawa yanashambulia kambi za wapigania uhuru ndani ya Zambia, na amri za kutotembea usiku zikafuata. Dansi litapigwa saa ngapi kama watu hawaruhusiwi kuwa njiani usiku? Jagari akaenda kuwa mwalimu, na baadaye akaingia machimboni kutafuta vito. Halafu UKIMWI ukaja, ukawaondoa wanamuziki wengi wa kizazi hicho. Wenzake wa kundi la awali, akina Gedeon Mulenga wa gitaa la besi, Chris Mbewe na John Muma wa magitaa, na Boidi Sinkala wa ngoma, wote wametangulia mbele ya haki. Jagari alibaki peke yake.

Sasa turudi kwenye zile santuri mia chache. Baadhi zilinusurika chini ya vitanda na juu ya makabati ya watu. Wakusanyaji wa santuri kutoka Ulaya na Marekani walizisikia, wakashika vichwa. Mwaka 2012 kampuni ya Now-Again ya Marekani ilizitoa upya nyimbo za WITCH. Mwaka 2017 Jagari, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, alianza kuzunguka Ulaya na kundi jipya. Kati ya wapigaji wake walikuwamo Waholanzi wawili, Jacco Gardner na Nic Mauskoviç, ambao kwa umri angeweza kuwazaa.

Mimi nilimwona Uholanzi. Ukumbi ulikuwa na ukubwa wa madarasa mawili, dari chini, na jukwaa la kimo cha goti. Aliyesimama mbele angeweza kumfunga mzee kamba za viatu. Kabla ya kila wimbo Jagari alieleza kisa chake, kama babu anayewaeleza wajukuu ilikuwaje siku zile. Kisha ngoma ikaanza, gitaa la solo likaanza kukoroma, na yule babu akatoweka. Aliruka, akatikisa mabega, akashuka jukwaani na kucheza katikati ya watu, wakampisha na kumfuata kama watoto wanavyoifuata ngoma ya harusi. Kila nilipodhani sasa atapumzika, ndipo alipoongeza mwendo.

Nilichojifunza usiku ule ni kwamba ukumbi mdogo si adhabu kwa muziki wa namna hii. Ndiko ulikozaliwa. Miaka ya 1970 WITCH walipiga katika kumbi za kawaida kwa saa sita, hata zaidi, mbele ya watu wanaojuana kwa majina. Gitaa lile linalokoroma linataka kuta za karibu, ili mlio ukupige kifuani kabla haujafika masikioni. Tena wimbo wa robo saa unamtaka mpigaji amtazame msikilizaji usoni, ajue kama arefushe au akate. Uwanjani atamtazama nani?

Kando yangu alisimama kijana mmoja wa Kiholanzi aliyeyajua maneno ya nyimbo zote. Aliponiona mimi ni mtu wa Afrika Mashariki akaniuliza kama na kwetu walikuwapo wazee wa namna hii. Nikamwambia wapo, tena wengi, nikamtajia makundi. Akatoa kalamu. Akauliza, "Nikifika huko, santuri zao nitazinunua duka gani?"

Ndugu msikilizaji, duka hilo sikuwa nalo la kumtajia. Hata nyimbo za Sunburst, kundi la Dar es Salaam kabisa, zilipotolewa upya mwaka 2016 zilitolewa na Strut, kampuni ya Uingereza. Siwalaumu Wazungu. Wamefanya kazi nzuri, na kwa mzee Jagari imekuwa neema akiwa hai, akiona kwa macho yake. Mwaka 2023 kundi lake lilitoa santuri mpya, Zango, iliyorekodiwa Lusaka, baada ya kimya cha karibu miaka 40. Ninachouliza ni hiki: kwa nini mwenye mali asubiri jirani ndiye amwambie thamani yake?

Wapo watakaosema kazi hiyo ni ya serikali. Sehemu ni kweli. Muziki mwingi wa dansi wa Tanzania ulirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo leo ni TBC, na utepe hauli chakula lakini unataka kutunzwa, usipate joto wala unyevu. Hilo tuwadai wahusika bila kuchoka.

Lakini hebu tukumbuke nani aliyeiokoa Zamrock mwanzo kabisa. Hakuwa waziri, wala hakuwa mkusanyaji wa Marekani. Alikuwa mchimbaji shaba mmoja wa Kitwe, au karani mmoja wa Ndola, ambaye Jumamosi moja alilipa kiingilio, akacheza mpaka akalowa jasho, kisha wakati wa kutoka akatoa fedha akanunua santuri kwa mwanamuziki mwenyewe, akaenda nayo nyumbani asiitupe. Kama mtu yule angesema, "Nitanunua siku nyingine," mkusanyaji angekuta nini?

Mji unaoishi wewe una wazee wanaopiga mwisho wa juma katika baa fulani, na viti vingine viko wazi. Wamo waliopiga na watu ambao sasa tunawasoma vitabuni. Kiingilio chao hakizidi bei ya chupa chache za bia. Nenda ukalipe, na utake risiti kama ni tabia yako. Na ukikuta wanauza kanda, sidii, au hata wimbo wa kuingizwa kwenye simu, nunua. Usiombe cha bure kwa sababu mnajuana.