Ubingwa wa Mbio za Nyika wa Vyuo vya Marekani na Wanariadha wa Afrika Mashariki

Mashindano ya ubingwa wa mbio za nyika ya vyuo vikuu vya Marekani, yanayosimamiwa na chama cha kitaifa cha michezo ya vyuo kijulikanacho kwa herufi NCAA, yalianza mwaka 1938 huko East Lansing, katika jimbo la Michigan, na yakabaki hapo hadi mwaka 1964, isipokuwa mwaka 1943 ambapo hayakufanyika kwa sababu ya vita. Mbio za nyika ni mbio ndefu zinazokimbiwa nje ya uwanja, juu ya majani, matope na vilima. Wanaume walianza kwa maili 4, zikawa maili 6 mwaka 1965, kisha kilomita 10 mwaka 1976. Wanawake waliingizwa chini ya chama hicho mwaka 1981, na tangu mwaka 2000 hukimbia kilomita 6.

Kinachoyatofautisha mashindano haya na mbio nyingine ndefu ni hesabu ya timu. Kila chuo huleta wakimbiaji saba, na nafasi walizoshika watano wa kwanza hujumlishwa kuwa pointi, hivyo chuo chenye pointi chache ndicho kinachoshinda, na jumla ndogo kabisa inayowezekana ni 15. Wawili wanaobaki hawahesabiwi, lakini wakiwatangulia wapinzani huwasukuma nyuma na kuwaongezea pointi, kwa hiyo hata anayeshika nafasi ya sabini ana kazi ya kuifanyia timu yake hadi hatua ya mwisho.

Afrika Mashariki iliingia kwa nguvu katika historia hii miaka ya 1970, kocha John Chaplin wa Chuo Kikuu cha Washington State alipoanza kuwapokea Wakenya kwa ufadhili wa masomo, yaani chuo kuwalipia karo na makazi kwa sharti la kukimbia na kusoma. John Ngeno alitangulia, akafuatwa na Samson Kimobwa na Henry Rono. Mwaka 1976, huko Denton, Texas, Rono alishinda na Kimobwa akawa wa pili. Rono akashinda tena mwaka 1977 na 1979, na katikati ya ushindi huo, mwaka 1978, alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81. Uzito wa mataji hayo ya vyuo hauonekani vizuri bila kukumbuka kwamba Rono hakukimbia Olimpiki hata mara moja, kwa kuwa Kenya ilisusia michezo ya Montreal mwaka 1976 na ya Moscow mwaka 1980. Kwa mwanariadha wa kiwango chake, mbio za wanafunzi zilikuwa miongoni mwa majukwaa machache makubwa yaliyokuwa wazi.

Tanzania nayo ilisusia Montreal, lakini ilikwenda Moscow, ambako Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita karibu na Musoma, alitwaa medali ya fedha ya mita 5,000. Miezi michache baadaye, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso chini ya kocha Ted Banks, akawa bingwa wa nyika wa vyuo. Mwaka uliofuata chuo hicho kilishinda kwa pointi 17, mbili tu juu ya ukamilifu, na hakuna timu ya wanaume iliyowahi kupata jumla ndogo kuliko hiyo. Mtanzania mwingine wa El Paso, Zakarie Barie, alishinda mwaka 1983. Mafanikio haya yalizua manung'uniko, hasa kuhusu umri, maana Nyambui alikuwa na miaka 27 huku wapinzani wake wengi wakiwa wadogo kwake kwa miaka kadhaa. Hoja hiyo ilikuwa na msingi, ingawa mara nyingi ilisahau kwamba vyuo vyenyewe ndivyo vilivyowatafuta wakimbiaji hao.

Njia hii ya kwenda kusoma na kukimbia Marekani huanzia shuleni. Msumbiji, iliyoshiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza hukohuko Moscow, ilimpata bingwa wake mkubwa, Maria Mutola, baada ya mwanariadha huyo kupelekwa mwaka 1991 kusoma sekondari huko Springfield, Oregon, naye akashinda dhahabu ya mita 800 huko Sydney mwaka 2000. Lakini kwenye pwani ya mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa nchi hiyo, kuanzia Mocímboa da Praia hadi Palma na mto Ruvuma, vita vilivyoanza Oktoba 2017 vimefunga shule nyingi na kuwahamisha mamia ya maelfu ya watu, na hasara hiyo ni pamoja na michezo ya shule, ambamo kipaji cha mtoto huonekana kwa mara ya kwanza.

Wakenya wameendelea kushika nafasi nyingi katika orodha ya mabingwa. Sally Kipyego wa Texas Tech alishinda mfululizo mwaka 2006, 2007 na 2008, na Edward Cheserek wa Oregon akawa mwanamume wa kwanza kushinda mara tatu mfululizo, mwaka 2013 hadi 2015. Mashindano ya msimu wa 2020, yaliyosogezwa hadi Machi 2021 kwa sababu ya UVIKO-19, yalishindwa kwa upande wa wanawake na Mercy Chelangat wa Alabama, na mwaka 2024, huko Madison, Wisconsin, taji hilo lilirudi katika chuo hichohicho kupitia Doris Lemngole.