Kinu Kinapotangaza Harusi

Vinu 19 vya upepo vya Kinderdijk, Uholanzi, vingi vimejengwa kati ya 1738 na 1740. Vinane ni vya duara, vya matofali. Vinane vina pembe nane, vimeezekwa matete. Msidhani ni vya kusaga nafaka. Kazi yake ilikuwa kupandisha maji ya mashambani hadi mtoni, maana ardhi ile iko chini ya usawa wa bahari. Kinu kikilala, shamba linazama. Ndiyo maana mwendesha kinu aliishi humo humo na mke na watoto, magurudumu ya mbao yakizunguka juu ya vichwa vyao.

Sie mafundi cherehani macho yetu yako kwenye mabawa. Ni fremu tupu za mbao. Kinachoshika upepo ni kitambaa kizito, kama tanga la jahazi. Upepo mdogo kinatandazwa chote, ukizidi kinakunjwa.

Na mabawa hayo husema. Sehemu nyingi za Uholanzi, bawa likisimamishwa kabla kidogo ya kufika kileleni, kuna furaha: ndoa, au mtoto kazaliwa. Siku ya harusi kinu hupambwa kwa bendera, biharusi mwenyewe haoni ndani! Likisimamishwa likishapita kilele, ni msiba. Sie tunalo neno matanga, la chombo na la kilio pia. Julai 2014, ndege ya MH17 ilipotunguliwa na Waholanzi karibu 200 wakafa, vinu vingi vilisimama hivyo, mabawa yamepita kilele.