Tajiri wa Kirando: Peke Yake au kwa Shirika

Kirando, bandari ya kale ya Ufipa kandokando ya Ziwa Tanganyika, imeishi kwa dagaa na migebuka, na kwa desturi tajiri wa chombo alisimama peke yake, faida ikiwa yake, na deni likimwandama hata nyumbani kwake. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1932 ilifungua mlango wa pili, wa shirika, na Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 ikathibitisha kwamba kampuni ni nafsi mbali na wenye hisa, isiyokufa kwa mauti yao. Basi kwa mwenye mtaji haba, jina la biashara lililosajiliwa latosha. Lakini akopaye sana na kushirikiana na wengine, na aunde kampuni, dhima isije ikawafilisi watoto wake.